Mnaistahi Roboti, Mnamdharau Binti wa Kazi



Siku hizi vibaraza vyetu na simu zetu zimejaa ubishi mmoja. Kuna video ya roboti yenye umbo la mtu. Kijana anaipiga teke, inayumba, wenzake wanacheka. Basi karibu watu watoane macho: ni dhambi au si dhambi? Roboti ikikutolea salamu, ni wajibu kuirudisha? Mwanamke ajitande mbele yake? Nimeulizwa haya mpaka msikitini, mtu hata nyiradi zake hajamaliza.

Jibu lake ni fupi. Ile ni chuma, nyaya na programu. Haina roho, wala haina hesabu Siku ya Kiyama. Usiitukuze, wala usiivunje, kwa kuwa ni mali ya mtu. Na mtoto anayepiga teke kitu chenye uso wa mtu kwa kujifurahisha akatazwe, maana mguu unazoea. Hata mnyama halaaniwi ovyo: Mtume, rehema na amani zimshukie, alimsikia mwanamke akimlaani ngamia wake safarini, akaamuru mzigo uteremshwe na ngamia yule aachwe aende. Yametosha.

Lililonichoma ni jingine. Majuzi, baada ya Ijumaa, nilialikwa chakula kwenye nyumba ya watu wenye nafasi. Mazungumzo yakawa hayo hayo ya roboti. Mzee mmoja, mtu wa elimu, akasema kwamba yeye hata akiisemesha simu yake husema "tafadhali", ndiyo adabu. Wakati anasema hivyo, binti wa kazi ameinama na birika na beseni, anatunawisha mmoja mmoja, kanga imemlowa kuanzia magotini. Hakuna aliyemwambia ahsante. Maji yalipodondokea zulia, mwenye nyumba akamwalishia vidole: "We! Huoni?" Nikamuuliza binti jina lake. Akajibu mwenye nyumba, naye akataja jina la binti mwingine, aliyeondoka kabla ya huyu. Watu wakacheka, ubishi wa roboti ukaendelea.

Simu inaambiwa tafadhali, mwanadamu anaambiwa "we"! Mwanadamu huyo ambaye Mola katika Suratul Israa ametaja kuwa amemtukuza! Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, alimtumikia Mtume miaka 10, hakuguniwa hata mara moja. Abu Mas'ud al-Ansari alikuwa akimchapa mtumwa wake, akasikia sauti nyuma yake, na kwa hasira hakuitambua. Kugeuka, ni Mtume, anamwonya kwamba uwezo wa Allah juu yake ni mkubwa kuliko uwezo wake juu ya yule kijana. Abu Mas'ud akamwacha huru papo hapo, akaambiwa lau asingefanya hivyo, Moto ungemgusa. Sisi vidole tunavialisha, na swala tano tunaswali.

Wala jambo hili si geni kwetu. Oktoba 2017, mjini Riyadh, roboti iitwayo Sophia, iliyotengenezwa na Hanson Robotics ya Hong Kong, ilitangazwa kuwa raia wa Saudia. Mwezi uliofuata shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch likatoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasi za kusafiria zimeshikwa na waajiri, mishahara haikulipwa, mapumziko hakuna. Ripoti ile iliitwa kwa maneno yenye maana ya kufanya kazi kama roboti. Wale ni mabinti zetu, tukawalilia, tukawalaani mabwana zao. Kisha tukarudi majumbani kumfanyia yale yale mtoto wa mwenzetu aliyeletwa kutoka kijijini!

Mnaniuliza salamu ya roboti. Binti wa kazi nani kamsalimu leo asubuhi? Analala saa ngapi? Anakula mnachokula, au anangoja ukoko? Mtume ameagiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, nanyi mnasema "tunamwekea". Mnamwekea nini, na mama yake anakopa unga dukani? Mwenye deni hilo amlipe leo, kabla ya Isha, mkononi mwake, mshahara kamili bila kukatwa glasi iliyovunjika. Na Idi ikifika, apewe nauli aende kwao, asiombe ruhusa kwa machozi.