Neno Chini ya Vidole



Miaka mingi sisi mashemasi tulimwombea papa mmoja kipofu wa parokia yetu. Tulifunga chakula, tukamwekea mikono. Macho hayakufunguka, na wengine kati yetu tukaanza kunong'ona kwamba imani yake ni haba. Siku moja akatuambia: "Wazee, aksanti kwa maombi, muendelee. Lakini nukta za vipofu nilijifunza shuleni nikiwa mtoto, na mpaka leo sina Injili ya kusoma. Nani atanipa?" Tukakosa jibu.

Walawi 19:14 inatukataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Ndugu, kikwazo kilikuwa sisi.

Njia ilikwisha kufunguliwa zamani. Louis Braille wa Ufaransa aliumia jicho akiwa na miaka 3, kwa chuma cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake, kisha akapofuka yote mawili. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alitengeneza maandishi ya nukta 6 yanayosomwa kwa vidole. Na chuma tunachoandikia nukta hizo kinafanana na kile kilichomwumiza. Mungu hashindwi kugeuza ubaya kuwa wema.

Basi tumeanza Injili ya Marko kwa mkono: karatasi ngumu, kibao chenye matundu, na kutoboa toka kuume kwenda kushoto, kwa maana nukta hutokea upande wa pili. Hapo E na I hubadilishana upesi, na "pendo" linakuwa "pindo". Papa yule hupitisha vidole, hucheka, kisha hutuamuru turudie ukurasa. Yeye tuliyemhesabu kuwa wa imani haba ndiye anayetusahihisha Neno.

Papa Simon Kimbangu alituachia Bolingo, Mibeko, Misala: Upendo, Amri, Kazi. Tulikuwa na maombi, kazi tuliiacha.

Kwa hiyo tunawaita vijana waliosoma: mubaki saa moja baada ya ibada ya Jumapili. Mama na papa, mulete karatasi ngumu. Kurasa zilizokwisha musizirundike chini ya mizigo, nukta zitabonyea.

Wala tusiache kuomba. Macho yake yakifunguka kesho, tutamshukuru Mungu. Yasipofunguka, asilale tena bila Neno.

Amina.