Kuhitaji Mbele ya Majirani

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa nchi za AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, wakiwa wamekutana Nairobi, walipitisha uamuzi uliobadilisha maisha ya parokia zetu kuliko barua nyingi za kichungaji: Kanisa lijengwe kuanzia kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Msingi wake ukawa ujirani. Mtu haingii jumuiya kwa sababu ya umri, kazi au sauti nzuri ya kwaya. Anaingia kwa sababu anakaa mtaa ule. Mwalimu mstaafu, mama anayeuza vitumbua, kijana wa bodaboda, hata yule mliyegombania naye mpaka wa kiwanja, wote ni wanajumuiya wenzako.

Hapo pana wazo zito ambalo nadhani hatujalitafakari vya kutosha. Rafiki tunamchagua, na tukimchoka tunapunguza kumpigia simu mpaka urafiki ufe wenyewe. Jirani hatukumchagua, na kesho asubuhi tutakutana naye tena bombani. Basi watu ambao hawakuchaguana wanawezaje kuwa ndugu kweli, si kwa kuitana tu?

Mchungaji Mlutheri Dietrich Bonhoeffer alilishughulikia swali hili nchini Ujerumani. Aliishi na wanafunzi wake wa uchungaji huko Finkenwalde mpaka polisi wa Hitler walipoifunga seminari ile mwaka 1937, na miaka miwili baadaye akatoa kitabu chake kidogo juu ya maisha ya pamoja. Hofu yake kubwa ilikuwa juu ya mtu anayekuja na picha yake ya jumuiya kamilifu kisha anawahukumu wenzake kwa picha hiyo. Nakubaliana naye. Lakini kwetu ninaona hatari nyingine, na haitokani na ndoto kubwa. Inatokana na daftari.

Tazama jumuiya ya kawaida Jumamosi alfajiri. Viti vya plastiki vimepangwa uani, mkeka umetandikwa, juu ya meza ndogo pana kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Akina mama ndio wengi, akina baba wanahesabika. Wimbo, Neno, tafakari fupi, maombi. Kisha katibu anafungua daftari. Mchango wa ujenzi wa parokia, wa msiba, wa sikukuu ya somo wa jumuiya. Majina yanasomwa kwa sauti, na kila jina na kiasi chake. Mbele ya jina la mjane mmoja pana kistari. Leo hayupo, na wiki iliyopita hakuwepo. Anayefuata anasomwa. Siku mjukuu wake atakapotaka kubatizwa, bibi huyu atakuja kuomba barua ya jumuiya, na daftari litafunguliwa kwenye ukurasa wenye vistari vyake.

Silidharau daftari. Michango hiyo imezika watu wengi kwa heshima na kuezeka makanisa ambayo hakuna mfadhili aliyeyakumbuka. Ila daftari linamjua mtu kwa upande mmoja tu, upande wa kutoa. Na kutoa kunawezekana bila kujuana: unaweza kuchangia misiba kwa miaka mingi huku jirani yako hajui kwamba wewe mwenyewe hulali usiku. Mtoaji hubaki salama. Mwenye kusema "nimeshindwa" ndiye anayejiweka mikononi mwa wenzake, na naamini undugu unaanzia hapo.

Kitabu cha Matendo ya Mitume hakifichi jambo hili. Tunapenda kuhubiri juu ya waumini wa kwanza waliokuwa na vitu vyote shirika, kisha tunairuka haraka sura ya 6, ambako wajane wa Wayahudi wasemao Kigiriki wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku na watu wao wananung'unika. Mitume hawakuyaita manung'uniko hayo uasi. Waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba, na majina ya wale saba yote ni ya Kigiriki. Jumuiya ile ilikuwa hai kwa sababu shida iliweza kusemwa, na iliposemwa utaratibu ulibadilika.

Najua jibu la wengi: nikisema shida yangu, kufikia jioni imezunguka mtaa mzima. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Ndiyo maana mtu humweleza mhubiri wa redioni, asiyemjua, yale ambayo hawezi kumweleza mwenyekiti wake wa jumuiya. Ndugu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, walijaribu kuivunja hofu hiyo kwa kutembea nuruni, kila mmoja akiungama mbele ya wenzake. Walipata ushirika uliovuka kabila na rangi. Hata hivyo, kuungama kukifanywa kipimo cha wokovu, watu hulazimika kusema, na neno la kulazimishwa halijengi imani kati ya watu. Kwanza mtaa ujue kutunza siri.

Na ujirani peke yake hautoshi. Tarehe 10 Aprili 1994 Sinodi ya Afrika ilifunguliwa Roma, ikachagua kuliita Kanisa Familia ya Mungu. Siku hizohizo, katika mauaji ya kimbari nchini Rwanda, watu walikuwa wanawaua wenzao waliosali nao, na huko Ntarama na Nyarubuye waliokimbilia kanisani waliuawa humohumo. Wapo waliogongewa mlango usiku na jirani anayewindwa, wakafungua, wakamficha, wakijua wanaweza kufa pamoja naye. Wengine walimkana mtu waliyeimba naye. Wote walikuwa wamesikia Injili ileile. Katika saa ile jirani hakuwa na chochote cha kuchangia. Alikuwa mhitaji mtupu, na hapo jumuiya ilijulikana ni ya kweli au ni ya jina.

Kwetu mlango hugongwa kwa sauti ndogo zaidi: ada ya shule, mwana aliye rumande, baba anayekunywa mshahara wote. Basi, mwenyekiti na katibu mnaosoma haya, Jumamosi ijayo mkimaliza Neno, ulizeni kwanza nani hayupo. Chagueni wawili waende kwake siku hiyohiyo, bila daftari na bila kumkumbusha deni, wakae, wasikilize, na watakayoyasikia yabaki kwao mpaka mwenyewe aruhusu. Nawe uliyeacha kuhudhuria kwa sababu huna cha kutoa, rudi. Nafasi yako kwenye mkeka ule haikuwahi kulipiwa na mtu yeyote.