Kufuta na Kuongeza: Mwandishi wa Nafsi na Haki ya Maneno Yake ya Zamani

Katika mijadala yetu kuhusu tawasifu na insha binafsi, wahakiki wamezoea kuuliza iwapo mwandishi amesema kweli. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, linachukulia kwamba anayesema ni mmoja na kwamba kweli yake ni moja, kana kwamba nafsi ni jiwe lililotulia mahali pamoja likisubiri kuelezwa. Makala haya yananuia kuuliza swali jirani ambalo, kwa maoni yetu, halijapewa uzito unaolistahili. Mtu anayeandika kuhusu nafsi yake kidogo kidogo, kwa miaka mingi, na kuyatoa maandishi hayo mbele ya wasomaji kadiri anavyoyaandika, ana haki gani juu ya aliyoyasema zamani? Anapoacha kuyaamini, je, anaruhusiwa kuyafuta?

Hapana budi kutofautisha kwanza aina mbili za uandishi ambazo mara nyingi huwekwa kapu moja. Tawasifu ya kawaida huandikwa kutoka kileleni: mtu amekwisha kufika mahali, anageuka, anaitazama njia aliyoipita na kuipa umbo. Makosa ya ujana huwa yamekwisha kusamehewa kabla ya msomaji kuyajua. Maandishi ya mfululizo, yaani shajara, insha za gazetini, au barua za mara kwa mara kwa wasomaji, huandikwa njiani. Mwandishi wa leo hajui atakachokiamini mwandishi wa kesho, wala hawezi kumwandalia mazingira mazuri. Ndiyo maana katika aina hii ya pili suala la kufuta huwa la kimaadili hasa. Katika ile ya kwanza ufutaji huwa umefanyika tayari, kimyakimya, kabla kalamu haijagusa karatasi.

Mwandishi wa makala haya ameandika insha fupi za aina hiyo kwa zaidi ya mwongo mmoja, nyingi zikiwa za kurasa mbili au tatu tu. Mawili yamejitokeza katika shughuli hiyo ambayo nadharia haikuwa imeyatangaza. La kwanza ni kwamba maudhui hayachaguliwi. Huonekana baadaye, pale insha zinapofikia idadi ya kutosha na mwandishi akatambua kwamba alikuwa akizunguka jambo lile lile kwa majina tofauti. La pili ndilo linalotuhusu zaidi. Msomaji hafuati mpangilio wa tarehe. Mwanafunzi hukutana na insha ya miaka minane iliyopita akaisoma kana kwamba imeandikwa jana asubuhi, akaandika pingamizi la kurasa nne, na pingamizi lenyewe likawa la haki. Anayetakiwa kulijibu ni nani? Mwandishi wa leo anakubaliana na mpinzani. Aliyeandika insha hayupo tena, au yupo kwa namna ambayo tutahitaji kuijadili.

Methali yetu inasema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa kawaida hufasiriwa kama onyo kwa asemaye bila kufikiri. Inafaa kuisoma pia kama maelezo ya mahali maji yalipokwenda: yamenywewa na ardhi, yamekuwa mali ya mwingine. Jadi ya malumbano ya kishairi katika pwani yetu inalithibitisha hilo. Mshairi akitoa shairi, mwenziwe akalijibu kwa bahari na vina vile vile, shairi la kwanza haliwi tena la mtungaji peke yake. Akiliondoa, jibu hubaki likining'inia hewani na mjibuji huonekana kama mtu anayegombana na kivuli. Ufutaji huo haumgusi aliyefuta tu. Humdhulumu aliyechukua taabu ya kumsikiliza.

Mfano mashuhuri zaidi wa mtu aliyejiandika kwa muda mrefu mbele ya wasomaji ni Michel de Montaigne wa Ufaransa. Alijitenga na kazi za mahakama mwaka 1571, akatoa vitabu viwili vya insha mwaka 1580, kisha toleo la 1588 lililokuwa na kitabu cha tatu pamoja na nyongeza mamia kadhaa zilizopachikwa ndani ya insha za awali. Hadi alipofariki mwaka 1592 alikuwa bado akiandika pambizoni mwa nakala yake mwenyewe ya toleo hilo. Alidai kwamba yeye huongeza wala hasahihishi. Wahakiki waliolinganisha matoleo wameonyesha kwamba dai hilo si kamili, kwani yapo maneno aliyoyabadili na mengine aliyoyaondoa. Lakini mwelekeo wa jumla ni ule alioutaja. Katika insha moja msomaji hukuta sentensi inayosema jambo, na mara baada yake nyingine inayolipinga, iliyoandikwa miaka kumi baadaye na mtu yule yule aliyekwisha kuugua, kuwa meya wa Bordeaux na kuzeeka. Wahariri wa karne ya ishirini walilazimika kuweka herufi A, B na C ndani ya matini ili kuonyesha tabaka hizo za wakati. Inafaa kuongeza kwamba Montaigne mwenyewe hakuweka alama yoyote. Aliacha sauti zake tatu zisemane bila kumwambia msomaji ni ipi ya lini. Kwa hivyo uaminifu wake, unaosifiwa sana, ulikuwa nusu ya uaminifu: alihifadhi maneno, akaficha tarehe.

Je, lakini, aliyeandika mwaka 1580 na aliyeandika mwaka 1588 ni mtu mmoja? John Locke alitoa jibu ambalo bado linasumbua. Kwa maoni yake, mtu ni yule yule kadiri fahamu yake inavyoweza kuyafikia matendo ya zamani na kuyakiri kuwa yake. (Si haba kukumbuka kwamba sura yenye hoja hiyo haikuwamo katika toleo la kwanza la kitabu chake kuhusu fahamu ya binadamu, aliiongeza katika toleo la pili la mwaka 1694.) Thomas Reid alimpinga mwaka 1785 kwa kisa cha jenerali mzee. Jenerali huyo anakumbuka alivyoteka bendera ya adui alipokuwa afisa kijana. Yule afisa naye alikumbuka alivyochapwa utotoni kwa kuiba matunda. Lakini jenerali amekwisha kusahau kuchapwa. Kwa kanuni ya Locke, jenerali ni afisa, afisa ni mtoto, lakini jenerali si mtoto. Upuuzi huo hauna dawa ndani ya kumbukumbu peke yake.

Maandishi ya mfululizo yanaingia hapo hapo. Jenerali mwenye shajara ya utotoni hawezi kukana kwamba alichapwa, hata kama hakumbuki. Ukurasa wenye tarehe humrejesha kwa mtoto yule kwa nguvu ambayo kumbukumbu haina, mara nyingi bila ridhaa yake. Aidha, humwonyesha jambo ambalo kumbukumbu hulificha kwa makusudi, nalo ni kwamba maoni anayoyaona leo kuwa ya kijinga aliwahi kuyashikilia kwa dhati na kwa hoja zilizoonekana njema. Mwandishi anayezifuta insha zake za zamani hajipunguzii makosa. Anachokipunguza ni ushahidi wa jinsi binadamu anavyobadili mawazo, na huo labda ndio ushahidi wa pekee ambao aina hii ya uandishi inaweza kuutoa kuliko nyingine zote.

Katika fasihi ya Kiswahili tunaye Shaaban Robert. Maisha Yangu ilitoka mwaka 1949, mwandishi akiwa na umri wa miaka arobaini. Alipoipita miaka hamsini hakurudi kuiandika upya ile ya kwanza. Aliandika Baada ya Miaka Hamsini, na baada ya kifo chake mwaka 1962 sehemu hizo mbili zikasomwa katika jalada moja. Uamuzi huo wa kimuundo umezoeleka mno kiasi kwamba hatuuoni. Angeweza kutoa kitabu kimoja kilicholainishwa, chenye sauti moja ya mzee. Badala yake tuna sauti mbili na pengo katikati. Mhakiki asiyeliona pengo hilo husema ‘Shaaban Robert anaamini hivi’ pale anapopaswa kusema lini aliamini.

Lipo jambo zito zaidi. Ndani ya Maisha Yangu zimo tenzi za wosia kwa watoto wake, Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili. Wosia ni kauli ya ajabu kwa upande wa haki. Hutoka kwa mtu mmoja, lakini ukishatolewa ni wa aliyeusiwa. Baba anayebadili mawazo aweza kumwita mwanawe na kumpa wosia wa pili. Hawezi kuingia chumbani kwake usiku akauchukua wa kwanza. Tunadhani kwamba kila andiko la nafsi lililotolewa kwa wasomaji lina chembe ya wosia ndani yake, hata pale mwandishi anapodai kwamba anajisemea tu.

Hapa msomaji wa Kenya atatukumbusha Ngũgĩ wa Thiong'o, na ni vyema atukumbushe, kwa sababu hakuna mwandishi wetu aliyejisahihisha hadharani kumzidi. Riwaya tatu za kwanza zilitoka kwa jina la James Ngugi; baadaye aliliacha jina hilo na matoleo yaliyofuata yakabeba jina tunalolijua. Mabadiliko hayo hayakumdanganya yeyote, maana aliyatangaza na kuyatetea. A Grain of Wheat ni kisa kingine. Katika toleo la mwaka 1967 Daktari Lynd anabakwa; katika toleo lililorekebishwa la miaka ya 1980 ubakaji umeondolewa na kubaki kuuawa kwa mbwa wake. Katika semina moja, wanafunzi wawili waliwahi kubishana kwa zaidi ya nusu saa kuhusu maadili ya wapiganaji wa msituni katika riwaya hiyo, kila mmoja akiwa na ushahidi mkononi, mpaka ilipodhihirika kwamba walikuwa na matoleo mawili. Ubishi ukaisha, na kwa maoni yetu ndipo ulipopaswa kuanza. Aliyelibadili tukio hilo alikuwa na sababu za kisiasa ambazo mtu anaweza kuzielewa. Lakini msomaji wa toleo jipya peke yake hawezi hata kuuliza sababu hizo, kwa kuwa hajui kwamba kuna kilichoondoka.

Riwaya, itasemwa, si maandishi ya nafsi. Basi tutazame Detained, iliyotoka mwaka 1981 ikieleza kifungo chake cha Kamiti tangu mwisho wa mwaka 1977 hadi Desemba 1978. Kichwa chake kidogo kiliiita shajara ya gerezani ya mwandishi. Mwaka 2018 ilirudi ikiwa imefupishwa na kuhaririwa upya kwa jina la Wrestling with the Devil, na safari hii jalada liliiita kumbukumbu za gerezani. Neno ‘shajara’ limeondoka. Tunaliona badiliko hilo kuwa la uungwana mkubwa, pengine bila ya kukusudiwa. Aliyeondoa nyaraka na mabishano ya siku zile, akabakiza kile ambacho umri umekipa umbo, hana tena shajara mkononi. Ametoka njiani akapanda kileleni, na jina la utanzu limekiri hivyo. Wakati huohuo Detained ipo maktabani, haijakanwa, na mtafiti anaweza kuviweka vitabu viwili sambamba.

Kutokana na mifano hii ingekuwa rahisi kutoa kanuni kwamba mwandishi wa nafsi aongeze na asifute kamwe. Hatuwezi kukubali kanuni hiyo kwa ujumla wake. Anayejiandika hawezi kujiandika peke yake: ataandika mke, ndugu, jirani, mwanafunzi, mgonjwa wa kitanda cha pili. Hao hawakuomba kuandikwa. Iwapo ukurasa wa zamani unamfedhehesha mtu aliye hai asiye na kalamu ya kujibu, dai la msomaji la kutaka kumbukumbu kamili linakuwa dogo sana mbele ya dai la aliyeumizwa. Hapo kufuta ni wajibu, wala hakuhitaji maelezo marefu. Maelezo marefu yenyewe huweza kuwa fedheha ya pili. Kinachotofautisha ufutaji huu na ule tulioukataa ni nani anayelindwa. Mwandishi anayejilinda mwenyewe na mawazo yake ya zamani hana udhuru, kwani ndiye pekee katika kisa hicho mwenye nafasi ya kusema tena.

Kuna wanaosema kwamba kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, na kwa hiyo aliyeacha kurudia ana haki ya kusahauliwa alikokosea. Msamaha ni jambo jema, lakini hutolewa na waliokosewa. Mtu hawezi kujisamehe kwa kuchana karatasi. Na siku hizi hata karatasi haichanwi. Maneno yaliyo kwenye kompyuta hubadilishwa pasipo kovu, kiasi kwamba aliyesoma Jumatatu na aliyesoma Ijumaa wanaweza kuwa wamesoma vitu viwili bila ya yeyote kujua. Tarehe ya kuandikwa na tarehe ya kurekebishwa, zikiwekwa chini ya andiko, ni gharama ndogo mno kwa mwandishi. Tunashangaa kwamba wahariri wetu bado wanaziona kuwa pambo.

Linabaki swali la mwandishi aliyekufa, ambaye hawezi tena kufuta wala kuongeza. Mwaka 1595, miaka mitatu baada ya kifo cha Montaigne, Marie de Gournay alitoa toleo la insha zake lililokusanya nyongeza za mwisho. Baadaye ilionekana kwamba matini hiyo inatofautiana mahali pengi na nakala yenye maandishi ya mkono ya Montaigne iliyohifadhiwa Bordeaux. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini wahariri waliifuata nakala ya Bordeaux, na Gournay akatiliwa shaka kwamba alitia mkono wake. Mwaka 2007 wahariri wa toleo jipya la Pléiade waliirudia matini ya 1595. Kwa sasa matini zote mbili zinachapishwa, na mwanafunzi anayemnukuu Montaigne hulazimika kusema ni yupi.