Mvulana wa Sita

Mwishoni mwa Oktoba 2024 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya darasa la saba. Waliofaulu walikuwa 974,229, sawa na asilimia 80.87. Kati yao wasichana walikuwa 525,172 na wavulana 449,057. Aliyeishia hapo alipata la kusema: wasichana wamewaacha wavulana mbali. Aliyesoma mstari uliofuata alikuta ufaulu wa wasichana ni asilimia 80.05 na wa wavulana asilimia 81.85, naye akapata la kwake: wavulana wameongoza. Wote wawili walisoma taarifa moja, na hakuna aliyesema uongo.

Nimekaa na tarakimu hizo kwa muda mrefu. Mashindano ya nani kaongoza hayakunishika sana. Kilichonishika ni hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa darasa la saba anaiweza: ukiijua idadi ya waliofaulu na asilimia yao, unaweza kurudi nyuma ukapata idadi ya waliokaa kwenye madawati. Wasichana wanakuja kama 656,000. Wavulana kama 549,000. Yaani katika vyumba vya mtihani vya nchi nzima, kwa kila wasichana sita palikuwa na wavulana watano. Hakuna nchi inayozaa watoto kwa uwiano huo. Basi mvulana wa sita yuko wapi?

Swali hilo nalishusha hadi Wampembe, wilayani Nkasi, mkoani Rukwa, pale uwanda wa Ufipa unapokatika na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Juu, upande wa Namanyere na Sumbawanga, ni nchi ya baridi, mahindi, ulezi, maharage na ng'ombe. Chini ni joto, mihogo, migebuka na dagaa. Ziwa liko mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, na uwanda uko karibu mita elfu moja juu yake. Mteremko huo unatenganisha kalenda mbili. Mtoto wa juu hupotea shuleni wakati wa kupalilia, kuvuna na kuchunga. Mtoto wa chini hupotea kwa kufuata mwezi.

Dagaa huvuliwa gizani. Taa huwashwa juu ya maji, dagaa hupanda kufuata mwanga, nyavu huvutwa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, na mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo kila mwezi una siku zake za kulala na siku zake za kukesha, na mwalimu wa mwambaoni huzisoma kwenye daftari la mahudhurio bila hata kutazama angani. Mwaka 2023 mtihani wa darasa la saba ulifanyika tarehe 13 na 14 Septemba, na mwezi mpya ulikuwa tarehe 15. Hilo ni giza lenyewe, siku ambazo mwalo mzima uko kazini. Mwaka 2024 mtihani uliangukia tarehe 11 na 12 Septemba, mwezi ukiwa nusu na ukizidi kujaa. Tena ulikuja baada ya uvuvi wa Ziwa Tanganyika kufungwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi ile mitumbwi ilikaa nchi kavu. Vijana walipata usiku wa kulala, na nyumba zao zilikosa hela ya kila siku. Mtu aliyeko ofisini Dodoma akiyaweka matokeo ya miaka hiyo miwili bega kwa bega, ataona mstari umepanda au umeshuka, na sababu ataitafuta darasani. Mwezi hauna safu kwenye jedwali lake.

Hapo ndipo ninaposumbuka. Makundi tunayoyalinganisha ni yale ambayo jedwali limeyapa nafasi. Matokeo yanatangazwa kwa jinsia, basi kila mwaka tunajadili wasichana na wavulana. Shule inajulikana kuwa ya serikali au ya binafsi, iko mkoa gani na halmashauri gani, basi tunajadili hayo. Matokeo hayatuambii kama mtoto anaamka akisema Kifipa au Kiswahili, lugha ambayo ndiyo atakayoulizwa nayo hisabati na sayansi. Hayatuambii kama baba anavua au analima, kama mama anajua kusoma, kama njia ya shule inakatwa na mto masika. Huenda tofauti kubwa kuliko zote wilayani Nkasi ni ile ya mtoto wa mwaloni na mtoto wa uwandani, lakini makundi hayo mawili hayana majina kwenye karatasi, kwa hiyo hayashindi wala hayashindwi.

Sisemi jinsia si kitu. Mitumbwi ikirudi alfajiri, kazi ya kuanika dagaa huwasubiri wanawake na mabinti, na kengele ya shule haiwangojei. Na kuna jambo zito zaidi. Hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi katika shule ya serikali, mimba ilikuwa mwisho wa jina lake kwenye daftari. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi msichana huyo hakushusha ufaulu wa wasichana hata kwa nukta moja. Aliondolewa kwenye hesabu kabla hesabu haijafanywa. Tulisoma asilimia za wasichana wenzake tukafurahi au tukahuzunika, na furaha na huzuni zetu zote mbili hazikumhusu.

Tuchukue darasa la kufikirika lenye watoto 40, na 20 kati yao wana uwezo wa kufaulu. Wakifanya wote, ufaulu ni asilimia 50. Sasa watoto 15 wanaosuasua wasifike: wengine wako ziwani, wengine wamerudishwa darasa la sita, wengine wameambiwa kwa upole kwamba wapumzike. Waliobaki ni 25, na waliofaulu ni wale wale 20. Ufaulu umekuwa asilimia 80. Hakuna mtoto aliyejifunza hata herufi moja zaidi, lakini shule imepaa.

Natamani hesabu hiyo ingekuwa ya kufikirika tu. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zetu za msingi zilianza kupangwa hadharani kwa nafasi, kitaifa na ndani ya wilaya, kwa kufuata mtihani wa darasa la saba. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia kilichotokea. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha alama. Walipotazama vizuri, waliona pia kwamba katika shule hizo idadi ya watoto waliofika kwenye mtihani ilipungua. Aibu ya kuwa wa mwisho iliwashukia walimu wakuu, na wao, kwa kiasi fulani, wakaishusha kwa watoto dhaifu. Januari 2023 Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Nadhani ulikuwa uamuzi mwema. Lakini mashindano ya shule yakiisha, walio nje ya chumba bado wako nje.

Rafiki zangu walimu huniambia: basi tuache kulinganisha, kila mtoto atazamwe peke yake. Nawaelewa, ila siwezi kukubali. Wampembe iko mbali. Barabara yake ni ya kuteremka ukingoni, na wakubwa hawateremki kila siku. Bila tarakimu inayosema kwamba watoto wa huku wanapata kidogo kuliko watoto wa kule, hakuna anayelazimika kuuliza kwa nini, wala wa kupeleka mwalimu wa hisabati, wala wa kujenga nyumba ya mwalimu ili huyo aliyepelekwa abaki. Mwenye njaa asiyehesabiwa hupewa pole tu.

Ninachoomba ni kulinganisha kunakoanzia mlangoni pa nyumba. Hilo limewahi kufanyika. Tangu 2010 wapimaji wa mpango wa Uwezo nchini Tanzania walikwenda kaya kwa kaya, wakakaa na watoto wa miaka 7 hadi 16, waliomo shuleni na wasiokuwemo, wakawapa kusoma na kuhesabu mambo ya darasa la pili. Kipimo ni kifupi, hata chepesi, na huwezi kumpangia mtoto kidato cha kwanza kwa hicho. Lakini aliyelala kwa sababu alikesha ziwani anaweza kukutwa mkekani kwao akaulizwa. Ubora wake uko hapo.

Kuna jambo katika lugha yetu ambalo nalirudia kila matokeo yanapotoka. Shule inayofanya vizuri tunasema inafaulisha. Tumeipa kitenzi chenye nguvu, kana kwamba imewabeba watoto mgongoni ikawavusha. Mtoto asipovuka, hatusemi shule imemfelisha, isipokuwa kwa hasira. Tunasema kafeli. Ushindi una mtendaji wake, na kushindwa tunamwachia mtoto wa miaka 13 akubebe peke yake kichwani, kama ndoo. Mpaka ni alama 121 kati ya 300. Mwenye 120 na mwenye 121 walikaa dawati moja, na kesho yake mmoja ana jina jipya.

Neno matokeo lenyewe ni la haki zaidi kuliko tunavyolitumia. Ni kitu kilichotokea, kilichotoka mahali. Linataka tuulize kimetoka wapi: katika miaka mingapi ya mwalimu mmoja kushika madarasa mawili, katika usiku ngapi za giza, katika lugha ipi ya nyumbani. Sisi tukishaona asilimia tunaibandika juu ya kundi kama tabia yake ya kuzaliwa. Watu wa Rukwa wanalijua hilo kuliko wengi. Jina la Sumbawanga limebeba masimulizi ya uchawi miaka mingi, na kijana akitoka huko kwenda kusoma Mbeya au Dar es Salaam hukutana na utani huo kabla hajafungua mdomo. Utani huo mtu anaweza kuukataa. Asilimia ina muhuri, na kuikataa ni vigumu zaidi.

Nirudi kwa yule mvulana wa sita. Simpambi. Anajua upepo upi ni wa kurudi nao nchi kavu, na hesabu ya mgawo wa mwenye mtumbwi na wavutaji anaifanya kichwani haraka kuliko mimi na kalamu. Anajua pia kwamba ziwa limewameza wakubwa zake, na kwamba mgongo wa mvutaji huchoka mapema. Angependa kuwa na njia mbili akachagua. Hajafeli mtihani wowote, kwa sababu hakuna mtihani uliomwita.

Usiku wa giza, ukisimama pale barabara inapoanza kushuka kutoka uwandani, utaona taa za dagaa zimetanda ziwani hadi macho yanapochoka. Mgeni hudhani ni mji. Ukizihesabu moja moja kwa subira, utapata hesabu ya taa. Waliomo mitumbwini huwaoni kutoka pale juu, wala huwezi kuijua miaka yao.