Wanangu, Ulizeni Kabla ya Kutia Saini

Wanangu mnaosomea udaktari na afya ya jamii pale Goma, nisikilizeni. Nimechoka, lakini hili sitaliacha.

Sikatazi kushirikiana na vyuo na taasisi za mbali. Kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, INRB ya Kinshasa, na Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani zilijaribu dawa nne za Ebola kwetu Kivu ya Kaskazini. Mbili zikaokoa watu kuliko nyingine, na moja kati ya hizo chimbuko lake ni damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Agosti hiyohiyo ugonjwa ulifika Pinga, huku Walikale. Tulikuwa na haja ya dawa, wala hakuna aliyeweza kuipata peke yake.

Ila kumbukeni 1976, Ebola ilipogunduliwa. Daktari Jean-Jacques Muyembe alichota damu za wagonjwa Yambuku bila glavu. Sampuli zikapelekwa Antwerp, Ubelgiji, na sifa za ugunduzi zikakaa Ulaya miaka mingi. Baadaye, alipokuwa na sauti, alisema sampuli zibaki Kongo. Sauti hiyo nanyi itumieni, tena mapema.

Mwangalieni mhudumu wa afya wa kijijini Masisi. Anapanda kilima na tope hadi magotini, fomu za utafiti ziko ndani ya mfuko wa plastiki. Anamtuliza mama, anamshika mtoto achomwe sindano, anatafsiri maswali kwa Kihunde. Makala ikitoka, yeye hayumo. Basi kabla ya kutia saini mkataba wa ushirikiano, ulizeni: swali la utafiti limetoka kwa nani? Damu itahifadhiwa wapi? Hesabu za fedha atazisimamia nani? Matokeo yatarudishwa kijijini lini, na kwa lugha gani?

Tena, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Januari 2025 vita viliingia Masisi mjini na Goma, na mwezi huohuo Marekani ikasimamisha misaada yake. Mei 1, taasisi zilezile za afya za Marekani zikatangaza kuacha kutoa ruzuku mpya zinazogawiwa washirika wa nje kupitia vyuo vya Marekani. Utafiti wenye mfadhili mmoja hufa siku anapoondoka.

Kwa hiyo vyuo vya Goma, Butembo na Bukavu vikae meza moja. Wekeni rejista zenu wenyewe, fundisheni vijana wa Masisi na Walikale kuchambua takwimu, na andikeni majina yao juu ya makala. Mgeni akija, akute kazi inaendelea, aongeze nguvu.