Chapati za Maji Ambazo Mama Anaweza Kula



Leo tunaingia jikoni. Najua wengi mmezoea kusoma hapa habari za sala, wito na uchumba. Lakini Biblia yenyewe haioni aibu kuingia jikoni, kwa hiyo na sisi twende bila wasiwasi.

Fungua 1 Wafalme 19:1-8. Nabii Eliya anamkimbia malkia Yezebeli. Amechoka mpaka amekata tamaa. Anakaa chini ya mti jangwani, anamwomba Mungu amtoe uhai, kisha anapitiwa na usingizi. Sasa hebu tazama Mungu anafanya nini. Hampi hotuba. Hamuulizi imani yake imekwenda wapi. Anamtuma malaika amguse na kumwambia ale. Eliya anaangalia, anaona karibu na kichwa chake mkate uliookwa kwenye mawe ya moto, na chombo cha maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na kumwamsha ale tena, kwa sababu safari iliyo mbele yake ni ndefu kuliko nguvu zake. Mambo ya mlima Horebu, na ile sauti tulivu tunayopenda kuihubiri, yanakuja baadaye. Kwanza chakula na usingizi.

Na mkate ule haukuwa boflo la dukani. Kilikuwa kitu cha bapa, kilichoiva haraka juu ya moto. Ni ndugu wa karibu wa chapati yetu ya maji! Kwa hiyo mtu akikwambia Mungu hana habari na kifungua kinywa cha mtu, mpeleke kwa Eliya.

Jambo ninaloomba tulishike leo ni hili: malaika alimletea Eliya chakula kilichofaa hali yake, siku ile, kwa safari ile. Kumpenda mtu ni pamoja na kumpikia kile anachoweza kula.

Bonde la wali na sukari

Bonde la Kilombero limebarikiwa kwa chakula. Mchele wa Ifakara unajulikana mpaka Dar es Salaam. Ukiwa jikoni, jirani anajua bila kuambiwa. Ukielekea upande wa Kidatu unakutana na mashamba ya miwa, na sukari imekuwa ikizalishwa huko tangu miaka ya 1960. Asubuhi mjini ni vitumbua vya mchele na chai iliyokolea. Mchana wali, usiku wali. Mgeni akija tunampakulia sahani ya wali iliyojaa mpaka juu, na akisema inatosha tunajisikia vibaya, kama vile ametukataa sisi wenyewe.

Sasa mtu wa bonde hilihili anakwenda kupimwa, anaambiwa ana kisukari. Anarudi nyumbani na maelekezo: punguza wali, punguza vitu vya ngano, acha sukari. Yaani anatakiwa apunguze karibu kila kitu ambacho ardhi yake inampa na ambacho watu wake wanakitumia kumwonyesha upendo.

Yupo mama mmoja katika jumuiya ninayoifahamu. Tangu apate ugonjwa huo, Jumamosi anaamka kabla ya wote. Anachemsha yai lake, analila amesimama jikoni, kisha anaanza kuwakaangia watoto chapati za maji. Watoto wakiamka wanamkuta anaosha vyombo. Wakimwita, "Mama, njoo tukae," anajibu, "Mimi nimeshakula." Ni kweli ameshakula. Hakuna aliyemfukuza mezani. Lakini kila Jumamosi mezani hayupo, na watoto wamezoea.

Soma sasa 1 Wakorintho 11:17-34. Wakristo wa Korintho walikusanyika kwa ajili ya karamu ya Bwana, lakini kila mmoja alitangulia kula chakula chake. Huyu akabaki na njaa, yule akalewa. Mtakatifu Paulo anawaambia wazi kwamba mkusanyiko wa namna hiyo si karamu ya Bwana, na mwishoni anawaagiza wangojane. Tunapenda kuyasoma maneno haya tukifikiria foleni ya Komunyo tu. Kumbe tatizo lilianzia kwenye sahani: nani anakula nini, saa ngapi, na pamoja na nani.

Mama Kanisa anafanyaje?

Labda utasema hayo ni mambo madogo ya nyumbani. Lakini Kanisa limeshayafikiria hata kwenye altare. Kuna waamini ambao matumbo yao hayavumilii gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano. Hostia ndogo tu inaweza kuwaletea shida. Kanisa lifanye nini? Tarehe 24 Julai 2003, Idara ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, ilitoa barua juu ya jambo hilo. Hostia isiyo na gluteni kabisa haifai, kwa sababu mkate wa Ekaristi ni wa ngano, kama tulivyopokea kutoka kwa Bwana. Lakini hostia yenye gluteni kidogo sana inakubalika, mradi kiasi hicho kinatosha kuufanya uwe mkate. Na mlei asiyeweza kupokea hata hiyo anaweza kuruhusiwa kukomunika katika umbo la divai peke yake, naye amempokea Kristo mzima.

Umeona? Kanisa halikubadilisha alichoagiza Bwana, wala halikumwambia mgonjwa abaki kwenye benchi. Lilitafuta njia ya kumfikisha mezani. Kama linafanya hivyo kwenye meza ya Bwana, sisi tunashindwaje kwenye meza ya nyumbani?

Kiasi cha nani?

Tuwe wakweli pia. Kwenye simu zetu, kupunguza wanga kumekuwa mtindo. Mtu anapiga picha sahani yake, anahesabu kila tonge, na akialikwa nyumbani kwa watu anaanza kukagua sufuria. Hiyo nayo ni fadhila ya kiasi?

Aristotle, katika *Maadili ya Nikomako*, anafundisha kwamba fadhila inakaa katikati, lakini katikati hiyo haipimwi kwa rula. Anatoa mfano wa chakula: kiasi fulani kitakuwa kidogo mno kwa Milo, yule mpiga mieleka maarufu, na kingi mno kwa anayeanza mazoezi leo. Kwa hiyo sahani ya wali inayomfaa kijana aliyeshinda shambani Mang'ula siyo inayomfaa mama yake mwenye kisukari. Wote wawili wanaweza kuwa na kiasi, na sahani zao zisifanane.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anaongeza jambo la kutushtua. Anasema ulafi una sura tano: kula kabla ya wakati, kutaka vyakula vya gharama, kula kingi mno, kula kwa pupa, na kudai chakula kiandaliwe kwa umakini uliopita kiasi. Hiyo ya mwisho inatuhusu vijana wa leo. Unaweza kula kidogo na bado ukawa mlafi, kama tumbo lako ndilo linalotawala kila mazungumzo.

Basi, kipimo ni rahisi. Jiulize: hiki ninachopunguza kinanileta karibu na watu wangu, au kinanifanya nijione bora kuliko wao?

Tupike sasa

Mapishi haya hayana ngano, hayana sukari, hayana maziwa. Maziwa tunayaacha kwa sababu watu wazima wengi wa kwetu yanawasumbua tumbo, na nazi inafanya kazi hiyo vizuri. Yanatosha watu watatu au wanne.

Unahitaji nazi 1 kubwa, mayai 4, karanga zilizokaangwa na kusagwa vijiko vikubwa 4 (zisiwe na sukari, na hakikisha hakuna mtu anayedhurika na karanga), chumvi kidogo, iliki au mdalasini, na mafuta kidogo ya kukaangia.

1. Ijumaa jioni, kuna nazi. Weka nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, kamua tui zito, lihifadhi mahali pa baridi. Kama huna friji, gawa nazi: kamua tui asubuhi yenyewe kwa nusu iliyobaki.

2. Yale machicha usiwatupie kuku. Yaweke kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuza mpaka yakauke bila kubadilika rangi. Twanga kwenye kinu au saga kwa blenda, kisha chekecha. Huo ndio unga wako. Una nyuzinyuzi nyingi, na wanga kidogo sana ukilinganisha na ngano au mchele.

3. Jumamosi, piga mayai mpaka yatoe povu. Ongeza vijiko vikubwa 6 vya unga wa machicha, karanga, chumvi na iliki. Mimina tui kidogo kidogo mpaka upate uji mzito. Acha utulie dakika 10, maana machicha yanakunywa maji polepole. Ukikaza sana, ongeza tui.

4. Pasha kikaango kwa moto mdogo, paka mafuta. Mimina chapati ndogo, ukubwa wa kiganja. Usifanye kubwa, kwa sababu hakuna ngano ya kuishikilia, itakatika. Funika dakika 2 au 3, pembeni zikishika geuza taratibu.

Kula na parachichi au kachumbari, na chai ya rangi yenye tangawizi. Sukari iache kabatini.

Kuhusu machicha nataka niseme neno. Katika Yohane 6:12, baada ya watu elfu tano kushiba, Yesu anaagiza vipande vilivyobaki vikusanywe ili kisipotee kitu. Machicha ni kitu ambacho kila siku tunakihesabu kuwa kimekwisha kazi. Tui limeshatoka, sasa cha nini? Kumbe humo ndimo kilimokuwa kifungua kinywa cha mgonjwa. Wako watu majumbani mwetu tunaowaona hivyohivyo: wazee, wagonjwa, walioshindwa shule. Usiharakishe kutupa.

Tahadhari mbili

Ya kwanza ni ya afya. Kama mzazi wako anatumia insulini au vidonge vya kisukari, usimpunguzie wanga ghafla bila kuongea na daktari wake. Dawa ikiwa ileile na chakula kimebadilika, sukari inaweza kushuka mno, na hiyo ni hatari ya haraka. Muulize daktari kwanza. Na asiache dawa kwa sababu ya chapati, wala kwa sababu ya maombi. Neema haipingani na dawa.

Ya pili ni ya Dominika. Wapo wazee wanaokwenda Misa ya kwanza bila kuweka kitu tumboni tangu usiku, hata wenye kisukari, wakiamini wasipofanya hivyo hawastahili kukomunika. Waelezeni kwa heshima. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, inadai mfungo wa saa moja tu kabla ya Komunyo, na maji na dawa havivunji mfungo huo. Tena kanuni hiyohiyo inasema wazee, wagonjwa na wanaowahudumia wanaweza kupokea Ekaristi hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Bibi akila chapati yake kabla ya Misa hajamkosea Mungu.

Zoezi la wiki hii

Jumamosi hii, mkitoka jumuiya, usimwachie mama jiko. Muulize mtu mmoja nyumbani kwenu swali ambalo pengine hajaulizwa muda mrefu: "Wewe unaweza kula nini?" Msikilize mpaka mwisho. Halafu kipike hicho, na wote mle hichohicho. Usimpikie yeye sahani yake ya pembeni huku ninyi mnaendelea na vitumbua vyenu. Simu ziwekwe mbali. Asubuhi moja bila wali na sukari haitamdhuru kijana mwenye afya, lakini kwa yule mama inaweza kuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kukaa chini na kula na wanawe.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyemlisha mtumishi wako Eliya alipokuwa amechoka, utufundishe kuwaona wanaokula peke yao katika nyumba zetu. Ubariki mashamba ya bonde letu na mikono inayoyalima. Uwape nafuu wote wanaougua kisukari, na busara wanaowahudumia. Utujalie moyo wa kungojana mezani, ili tusogelee meza ya Mwanao bila kumwacha mtu nyuma. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Jumamosi njema, na mpishi asisahau kukaa chini naye ale.