Kompyuta Haijui Papasi

Wabunifu majengo wa zama hizi wana swali moja wasilopenda kuulizwa, ingawa sisi wasomaji wa fasihi tumelizoea mpaka limetuchosha: mtunzi ni nani? Roland Barthes alimzika mtunzi mwaka 1967, na tangu hapo kila mwanafunzi wa fasihi ana la kusema kuhusu mazishi hayo. Kwenye majengo hali ni ngumu zaidi, maana jengo lina watu ndani. Likivuja, au likiwapika watu mchana kutwa, huwezi kusema "mtunzi amekufa" ukaenda zako.

Nauliza kwa sababu ya namna majengo yanavyochorwa sasa. Zamani mbunifu alichora umbo. Leo, kwa wale waliozama kwenye mbinu za kompyuta, mbunifu anaandika masharti: ukuta uwe mnene kiasi hiki, dirisha lisizidi hapa, jua la saa tisa lisiingie chumbani. Kila sharti lina namba yake. Ukigusa namba moja, jengo zima linajichora upya mbele ya macho yako. Unaweza pia kuiachia mashine ijaribu maelfu ya maumbo, iyachambue kama mkulima anavyochagua mbegu, ikuletee lililoshinda. Mambo haya yana umri. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, pale MIT nchini Marekani, alionyesha programu yake ya Sketchpad, ambayo uliweza kuiambia mistari miwili ibaki sambamba, nayo ikatii hata ukiivuta. Mwaka 2008 Patrik Schumacher, mshirika wa Zaha Hadid, akatangaza kule Venice kwamba ubunifu wa namna hii ndio mtindo mkuu wa zama mpya. Matangazo ya aina hiyo mimi huyasoma kama ninavyosoma maneno ya nyuma ya jalada la riwaya.

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushtuka sana. Sheikh Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alikuwa anaandika masharti yenye namba: mizani, vina, mishororo. Kezilahabi alipokuja na Kichomi mwaka 1974 bila kujali vina, watu wakatoleana maneno makali kweli. Lakini katika ugomvi wote ule sijaona aliyedai kwamba sheria ndiyo iliyotunga shairi. Shairi bovu lina mwenyewe. Na tuseme ukweli, shairi bovu halimwangukii mtu kichwani.

Sasa twende Singida. Nyumba ya asili ya Wanyaturu, kama ya majirani zao Wagogo, ni tembe: nyumba fupi ya pembe nne, kuta za miti iliyokandikwa udongo, na juu paa bapa la magogo na fito, kisha majani, kisha udongo mwingi. Ukiitazama kwa jicho la mtu wa kompyuta, unaona masharti tupu. Urefu wa magogo yanayopatikana porini unaamua upana wa chumba. Idadi ya watu na mifugo inaamua nyumba itajinyoosha mpaka wapi. Upepo wa Singida, ambao ukishausikia huusahau, unaamua kimo. Hakuna tembe mbili zinazolingana, na zote ni tembe.

Hapo ndipo wengi wanapopaliwa na furaha. "Kumbe mababu zetu walikuwa na algoriti!" Ron Eglash aliandika kitabu kizima mwaka 1999, African Fractals, kuonyesha hesabu zilizojificha kwenye vijiji, misuko ya nywele na vitambaa vya Afrika, na ni kitabu kizuri, kimewatoa watu tongotongo. Ila mimi sifa hizi zinanitia wasiwasi. Tunapoisifu tembe kwa kuwa inafanana na programu, tumeshaifanya programu kuwa kipimo. Isitoshe tunaruka jambo kubwa kuliko yote: aliyeamua unene wa udongo kwenye tembe ndiye aliyelala chini yake. Akikosea, anaamka yeye saa nane za usiku kuhamisha kitanda. Mwenye kompyuta anasogeza namba huku amekaa Dar es Salaam, au Toronto, na usiku wake hauguswi.

Nilikwenda kijijini, wilaya ya Ikungi, kwa mama yangu mdogo aliyetaka nimchoree nyumba. Nilikuwa nimeshafanya majaribio kwenye kompyuta. Jibu la mashine lilikuwa wazi: paa la udongo mnene linashinda bati kwa mbali, kwa sababu udongo unakawia kupata joto mchana na unakawia kulipoteza usiku, na Singida, huku juu kwenye mwinuko, ina jua kali mchana na baridi ya kweli usiku wa Juni na Julai. Nilimwonyesha michoro yenye rangi, nyekundu kwa bati, bluu kwa udongo. Alitazama kwa adabu. Kisha akauliza:

"Hiyo mashine yako imewahi kupandisha udongo juu ya paa?"

Nikamwambia hapana, mama.

"Na papasi inawajua?"

Kwa asiyewajua: papasi ni mdudu wa jamii ya kupe, anajificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, anatoka usiku kunyonya damu. Ndiye anayeleta homa ya papasi, ile inayokuacha ukadhani umepona, kisha inarudi. Nyumba za tembe za kanda ya kati zinafahamika kwa ugonjwa huo. Mama mdogo hakuhitaji kuambiwa na mtaalamu. Aliongeza neno moja ambalo bado linanisumbua: "Mwanangu, unataka nikae kwenye tembe ili wewe upige picha?"

Mtetezi wa mbinu hizi atajibu haraka: basi waingize papasi kwenye programu. Weka namba ya nyufa, namba ya unyevu, mambo yaishe. Sawa, papasi anaingia. Uzito wa kupandisha udongo nao unaingia, kwa saa na kwa ndoo. Lakini heshima ya kuwa na bati, katika kijiji ambako bati ndilo linalosema "huyu ana watoto wanaomkumbuka", inaingia kwa namba ngapi? Saba kati ya kumi? Na nani anayeitaja hiyo saba, na kwa nini isishindwe na nyuzi mbili za joto? Kupanga kipi kizito kuliko kipi ni uamuzi wa mtu kabla mashine haijawashwa, na baada ya hapo unajificha ndani ya mashine ukionekana kama hesabu.

Christopher Alexander aliyapitia haya mapema. Katika Notes on the Synthesis of Form, mwaka 1964, aliorodhesha mahitaji 141 ya kijiji kimoja cha India na kuyagawa katika makundi kwa msaada wa hesabu na kompyuta. Kwenye orodha hiyo mna mambo ya mifugo, maziko ya wafu, hata mlango kutotazama kusini. Mna pia suala la watu wa tabaka la chini wanaohesabiwa kuwa najisi. Soma tena hapo. Ubaguzi umewekwa kwenye mstari mmoja na maji na kivuli, kama hitaji la kutimizwa. Mashine haiulizi kama desturi ni dhuluma. Inaitafutia mahali pazuri pa kukaa. Sisemi Alexander alikuwa mtu mbaya. Katika dibaji ya toleo la 1971 alijitenga waziwazi na wale waliogeuza mbinu kuwa somo la kujitegemea, mbali na kazi yenyewe ya kubuni. Wachache wana ujasiri huo baada ya kitabu kuwapa jina.

Wala tusiisingizie kompyuta kila kitu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Hapakuwa na programu yoyote, palikuwa na kamba, vigingi na malori. Nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, na watu wakatolewa kwenye mashamba na mazizi waliyoyaelewa. Lengo lilikuwa na maana: shule, zahanati, maji. Hata hivyo aliyechora mstari hakuhamia kwenye mstari. Kompyuta imeongeza kasi na uzuri wa picha, basi, ubaya wenyewe tulikuwa nao.

Kisheria Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na muhuri wa mbunifu aliyesajiliwa una maana: kuna jina la kuuliza. Waliotengeneza programu kwa kawaida huandika kwenye mkataba ule tusiousoma kwamba matokeo ni juu yako mtumiaji. Sasa nyumba nyingi za vijijini hazina muhuri wala mkataba. Zina ramani iliyorushwa WhatsApp na fundi anayeipunguza kulingana na tofali zilizopo. Ukimuuliza fundi kwa nini chumba kina giza, anakuonyesha simu.

Msimamo wangu, kwa hiyo, ni huu, na najua wenzangu waliosomea mambo haya watauona wa kizamani: namba ambayo mwenye kulala ndani hawezi kuielewa na kuikataa haina haki ya kuamua ukuta wake. Hata ikiwa sahihi. Atakuwa na nyumba yenye joto zaidi, ndiyo, na hilo ni hasara ya kweli, silipuuzi.

Tulikubaliana bati, lenye dari chini yake, kuta nene za tofali, sakafu ya saruji kwa ajili ya wale wageni wa usiku. Kompyuta niliitumia kwa jambo moja ambalo yeye mwenyewe aliliulizia: maji. Singida hupata mvua ya milimita kati ya 500 na 800 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Nikachukua 600. Paa la mita za mraba 60 likatoa lita 36,000, kabla ya kutoa zinazomwagika na kupotea. Akataka kwa ndoo. Ndoo za lita 20 ni 1,800, nikamwambia. Akanyamaza, akatazama upande wa jikoni, akahesabu kitu kwa vidole.

"Ukilivuta paa mpaka pale kwenye mti," akasema, "zinakuwa ngapi?"